William Morris na wenzake wa safari

Mwezi wa saba mwaka 1871, Mwingereza mmoja mnene, mwenye nywele nyingi za kujikunja na ndevu zisizotulia, alipanda meli iliyoitwa Diana huko Scotland kuelekea Iceland. Alikuwa na umri wa miaka 37. Nyuma yake, katika nyumba ya mawe karibu na mto Thames, alikuwa amewaacha mke wake, binti zake wawili, na rafiki yake mchoraji. Rafiki huyo alimpenda yule mke, na mke hakuuficha moyo wake. Morris alijua yote. Nyumba yenyewe walikuwa wameikodi pamoja, yeye na rafiki yake, wiki chache tu kabla ya safari.

Wengi wetu tumeangalia zile filamu za wenzi wanaokwenda kwenye mlima wa moto kutupa pete. Wachache wanajua kwamba kabla ya Tolkien alikuwepo mtu aliyeandika riwaya ndefu za namna hiyo: nchi ambayo haimo katika ramani yoyote, misitu yenye wachawi, kundi la marafiki wanaotoka kutafuta kitu cha mbali. Mtu huyo ni William Morris. Lakini katika hadithi zake kuna jambo ambalo wafuasi wake wengi waliliacha: wenzi wa safari wanapendana vibaya, yaani mioyo yao inakwenda mahali isipotakiwa, na bado safari inapaswa kuendelea. Ninataka kuyasimulia maisha yake kwa kufuata uzi huo.

Alizaliwa tarehe 24 Machi 1834 huko Walthamstow, karibu na London. Baba yake alifanya kazi ya fedha mjini. Utajiri wenyewe, lakini, ulitoka ardhini. Mwaka 1844 shaba iligunduliwa katika jimbo la Devon, na katika hisa 1,024 za mgodi ule, baba Morris alikuwa na 272. Hisa iliyolipiwa pauni 1 ilifika kuuzwa pauni 800 katika muda mfupi. Sisi tunaosoma katika mji wa shaba hatuhitaji kuelezwa zaidi. Mgodi ule baadaye ulitoa pia arseniki, ile sumu, na kijana aliyekuja kuchukia viwanda na uchafu wake alisomeshwa kwa pesa hizo. Mwenyewe aliketi katika baraza la wakurugenzi wa mgodi kuanzia 1871, akajiuzulu mwaka 1875, na inasimuliwa kwamba siku ile alilikalia kofia lake refu la kibwana mpaka likabonyea, wala hakununua jingine.

Utotoni alikuwa na farasi mdogo na vazi la chuma la kuchezea, akazunguka nalo katika msitu wa Epping akijiona shujaa wa zamani. Mwaka 1853 aliingia Exeter College, chuo kimoja cha Oxford, kwa nia ya kuwa kasisi. Huko akampata Edward Burne-Jones, mtoto wa mtengeneza fremu wa Birmingham, naye akiutaka ukasisi. Urafiki wao ulidumu mpaka kifo. Mwaka 1855 walisafiri Ufaransa ya kaskazini kuangalia makanisa makuu, Amiens, Beauvais, Chartres, na usiku mmoja bandarini Le Havre waliamua kuacha ukasisi: mmoja awe mchoraji, mwingine mjenzi. Mwaka ule ule walikigundua kitabu cha Malory juu ya mfalme Arthur na mashujaa wake wanaotafuta kikombe kitakatifu. Walikisoma kama watu wengine wanavyosoma Biblia. Kumbuka, msomaji, kwamba katika kitabu kile ufalme wote unavunjika kwa sababu Lancelot, rafiki mkubwa wa mfalme, anampenda malkia Guenevere.

Mwaka 1856 vijana hao walianzisha gazeti la wanafunzi, likatoka kila mwezi kwa miezi 12. Morris alililipia gharama kwa pesa za shaba. Ndani yake alichapisha hadithi zake za kwanza za ajabu, zenye ndoto na mapanga. Gazeti likafa baada ya mwaka mmoja, kama magazeti ya wanafunzi yanavyokufa, lakini lilikuwa limewakutanisha na mtu waliyemwabudu: Dante Gabriel Rossetti, mchoraji na mshairi, mkubwa wao kwa miaka michache, mwenye maneno matamu na uwezo wa kumfanya kila mtu amfanyie kazi.

Rossetti ndiye aliyewaita mwaka 1857 kupamba kuta za jumba la mijadala la wanafunzi wa Oxford kwa picha kutoka kitabu cha Malory. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kuandaa ukuta. Walipaka rangi juu ya chokaa mbichi, na picha zikaanza kufifia baada ya miezi michache. Walicheka sana. Morris alimwagiza mhunzi atengeneze kofia ya chuma ili waichore, akaivaa, ikakwama kichwani, akabaki akinguruma ndani yake kama ng’ombe. Wenzake walimwita Topsy kwa ajili ya nywele zake, jina la msichana mtumwa mweusi katika riwaya ya Beecher Stowe. Jina lile lilimganda maisha yote, na sijui kama yeyote kati yao aliwahi kulifikiria mara mbili.

Picha aliyopewa Morris ilihusu Palomides, shujaa aliyempenda Iseult kupita kiasi, wakati moyo wa Iseult ulikuwa kwa Tristram. Alikuwa na miaka 23. Hakuna mtu angeweza kujua kwamba alikuwa anajichora mwenyewe.

Katika siku hizo Rossetti na Burne-Jones walimwona msichana mmoja kwenye tamthilia. Mrefu, nywele nyeusi nzito, shingo ndefu, sura isiyofanana na uzuri uliopendwa wakati ule. Jina lake Jane Burden, binti wa mtunza farasi, aliyezaliwa katika uchochoro wa Oxford. Rossetti alimwomba akae achorwe. Rossetti mwenyewe alikuwa amefungwa kwa ahadi ya miaka mingi na Elizabeth Siddal. Aliyempeleka Jane kanisani, basi, alikuwa Morris, tarehe 26 Aprili 1859. Upande wa familia ya Morris hakuja mtu. Msichana wa zizini alifundishwa lugha ya mabwana, piano, vitabu, na alijifunza vizuri kiasi kwamba wageni walimdhania malkia. Miaka mingi baadaye alimwambia rafiki kwamba hakuwahi kumpenda Morris. Tusimhukumu haraka. Msichana maskini wa miaka 18, anapochumbiwa na tajiri mwema, anakataa kwa kutumia nini?

Hata hivyo miaka ya kwanza ilikuwa na furaha. Rafiki yao Philip Webb aliwajengea nyumba ya matofali mekundu huko Bexleyheath, na marafiki walikuja kila mwisho wa juma kupaka rangi dari na milango. Morris na Jane walijifunza kudarizi kwa kufumua vitambaa vya zamani, uzi baada ya uzi, waone vilivyoshonwa. Jenny alizaliwa 1861, May 1862. Kutokana na nyumba ile likazaliwa shirika, mwezi wa nne 1861: Morris, Rossetti, Burne-Jones, Webb, Madox Brown na wengine wawili, wakitengeneza vioo vya rangi vya makanisa, viti, nguo za ukutani, karatasi za kubandika ukutani. Leo jina la Morris linajulikana kwa wengi kwa sababu ya maua na majani ya karatasi hizo. Nalipita jambo hilo upesi, maana limeandikwa sana.

Elizabeth Siddal, aliyekuwa ameolewa hatimaye na Rossetti, alikufa mwezi wa pili 1862 kwa dawa ya afyuni aliyokunywa kupita kipimo. Miaka michache baadaye Rossetti alianza kumchora Jane tena. Alimchora mara nyingi mno kwamba dunia leo inamjua mke wa Morris kwa macho ya Rossetti. Kufika 1869 marafiki wote walijua. Na kana kwamba hayo hayatoshi, Burne-Jones naye alikuwa ameanguka katika mapenzi na mwanamke wa Kigiriki, Maria Zambaco, akamwacha mkewe Georgiana na aibu mbele ya watu. Basi wawili walioachwa kando, Morris na Georgiana, wakasogeleana. Mwaka 1870, Georgiana alipotimiza miaka 30, Morris alimpa kitabu cha mashairi alichokiandika kwa mkono wake na kukipamba kwa rangi. Hakuna dalili kwamba walivuka mpaka. Georgiana alibaki na mumewe, na Burne-Jones akabaki rafiki wa Morris, aliyekwenda kwake kila Jumapili asubuhi kula naye.

Nyumbani kwetu jambo kama hili lingeita baraza. Wazee wangekaa, mahari ingehesabiwa upya, mtu angelipa mbuzi. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na mahakama na magazeti: mke angetangazwa mzinzi, angeweza kunyang’anywa watoto. Morris alikataa njia hiyo. Aliamini kwamba mke si mali ya mume. Kuamini hivyo ni rahisi katika karatasi. Yeye alifanya jambo gumu zaidi: alikodi Kelmscott Manor pamoja na Rossetti, mahali ambapo Jane angeweza kuishi majira ya joto bila macho ya London, halafu akaondoka. Kuna wanaosema huo ni udhaifu. Mimi nimesoma maisha yake nikiwa na hasira naye mara mbili tatu, lakini sioni tendo jingine ambalo lisingemwangamiza mtu.

Alikwenda Iceland kwa sababu ya vitabu. Pamoja na Eiríkur Magnússon, msomi wa Iceland, alikuwa anajifunza lugha ile kwa namna inayopaswa kutufurahisha sisi wa kitivo cha lugha: badala ya kuanza na sarufi, alitaka masimulizi, na sarufi aiokote njiani. Walikwisha kuchapisha tafsiri ya habari za Grettir mwaka 1869 na za Wavolsunga mwaka 1870. Sasa walikuwa wanne, yeye, Magnússon, rafiki yake Faulkner na bwana Evans, wakisafiri kwa farasi wadogo majuma sita juu ya lava, mito ya barafu na majivu. Morris alikuwa mpishi. Walifika mahali ambapo nyumba ya Njál ilichomwa moto pamoja na watu wake, na uwanja wa Thingvellir ambapo watu wa zamani walikusanyika kutoa hukumu. Aliona watu maskini wasio na kitu, wanaojua hadithi za miaka 600 kwa moyo na wasiolialia. Aliandika kila siku katika daftari la safari, na nakala safi ya daftari hilo hakumpa Jane wala mchapishaji. Alimpa Georgiana.

Alirudi mwezi wa tisa na farasi mdogo mmoja kwa ajili ya binti zake, aliyeitwa Mouse. Rossetti alikuwa bado Kelmscott. Katika majira hayo alimchora Jane akiwa na tawi la mti wa mtoni, na nyuma yake nyumba. Mwaka uliofuata akili ya Rossetti ilivunjika, akajaribu kujiua. Alirudi Kelmscott, akaondoka moja kwa moja mwaka 1874. Mwaka 1875 Morris alilichukua shirika lote mkononi mwake, na urafiki wa zamani ukamalizika katika hesabu za fedha. Fungu lake la fidia Rossetti aliliweka kwa faida ya Jane. Alikufa 1882.

Miaka iliyofuata Morris alikuwa mtu wa mabaraza na mitaa. Mwaka 1876 Jenny, mwanawe wa kwanza, alipata kifafa kisichopona, na huzuni ile haikumtoka tena baba. Mwaka 1883 alijiunga na wasoshalisti. Aliongea kwenye pembe za barabara, akauza gazeti kwa mkono wake, akakamatwa na polisi mwaka 1885 katika fujo za mahakamani. Gazeti alilolihariri, Commonweal, lilianza mwezi wa pili 1885, mwezi ule ule ambao wakubwa wa Ulaya walitia sahihi huko Berlin mapatano yaliyofungua njia kwa Leopold kuichukua Kongo. Katika riwaya yake ya 1890, News from Nowhere, yumo mzee anayeeleza jinsi soko la dunia lilivyotafuta kisingizio cha kuingia katika nchi za wengine, likisema linakomesha utumwa huku likileta utumwa mwingine. Waingereza wengi hawakuyataka maneno hayo mwaka 1890. Katika riwaya hiyo hiyo yumo mwanamke aliyemwacha mwenzi wake akaenda kwa mwingine, sasa anarudi, na hakuna mahakama ya kuvunja ndoa, hakuna anayemrushia jiwe. Kidonda kilikuwa kinaandika.

Halafu, katika miaka yake ya mwisho, akiwa mgonjwa, akarudi kwenye ndoto za gazeti la wanafunzi. Alianzisha nyumba ya kuchapa vitabu kwa mkono, Kelmscott Press, mwaka 1891, na kwa mashine hizo akatoa riwaya za safari moja baada ya nyingine. Katika The Wood Beyond the World ya 1894, kijana Walter anapanda meli kwenda mbali kwa sababu mke wake anamchukia na kumdanganya. Sentensi chache tu mwanzoni, kisha bahari. Katika The Well at the World’s End ya 1896, mtoto wa mfalme mdogo anatoroka kwao kutafuta kisima cha mwisho wa dunia; mwanamke wa kwanza anayempenda anauawa, na wa pili, Ursula, anatembea naye jangwani mpaka kisimani.

Ninayoipenda kuliko zote ni The Water of the Wondrous Isles. Mtoto Birdalone ameibwa na mchawi na kulelewa kando ya ziwa kubwa. Anatoroka katika mashua isiyo na kasia wala tanga, inayokwenda kwa damu iliyopakwa mbele na nyuma. Anafika kisiwa ambamo dada wa mchawi amewafunga wanawake watatu, Aurea, Viridis na Atra. Hawa wanamvika nguo zao, kila mmoja akitoa chake, na kumtuma awatafute wapenzi wao ng’ambo. Birdalone anavuka visiwa vya kutisha, anawapata mashujaa watatu. Na hapo moyo wake unampenda Arthur, ambaye ni wa Atra. Arthur naye anampenda yeye. Mashujaa wanakwenda, wanawaokoa wanawake, Baudoin anauawa katika kumwokoa Birdalone, na wote wanajikuta chini ya paa moja, kila mtu akijua.

Mwandishi mwingine angemfanya Atra mwovu, au angemwua. Morris anamwacha aone, aumie, na aseme. Birdalone anaondoka kwa hiari, anaishi miaka mitano mjini akidarizi nguo za watu. Mwishowe Arthur na Birdalone wanakutana, na Atra anabaki miongoni mwa marafiki hadi mwisho wa kitabu. Wengi humtafuta Morris katika Arthur, kwa kuwa ndiye mwanaume anayependwa. Mimi namwona katika Atra. Ni yeye aliyetoa kitu chake kwa upendo, akamtuma mjumbe, na mjumbe akarudi na moyo wa mpenzi wake. Hili ni wazo langu tu, na mhakiki mzuri anaweza kulipinga kwa kunionyesha kwamba Birdalone anaishi kwa sindano kama walivyofanya Jane na May.

Kitabu hicho hakukiona kimechapwa. Majira ya joto ya 1896 madaktari walimpeleka kwa meli hadi Norwe, lakini bahari haikumsaidia. Alikuwa amekwisha kukishika mkononi kitabu cha Chaucer cha Kelmscott Press, chenye picha 87 za Burne-Jones, kazi ya mwisho ya marafiki wale wawili wa Oxford. Alikufa tarehe 3 Oktoba 1896 huko Hammersmith, akiwa na miaka 62. Jeneza lake lilipelekwa katika kaburi la kijiji cha Kelmscott kwa mkokoteni wa shamba uliopambwa majani, siku ya mvua na upepo mkali. Jane alikuwepo, na Burne-Jones, na Georgiana.

Mackail, mkwe wa Georgiana, ndiye aliyeandika maisha ya Morris; yalitoka 1899, na mambo ya Rossetti yalipitwa kwa ukimya wa heshima. Jane aliishi mpaka mwezi wa kwanza 1914, akazikwa kando ya mumewe. Mwaka huo huo, katika Exeter College, mwanafunzi mmoja aitwaye Tolkien alipata tuzo ya masomo ya pauni 5, akazitumia kununua vitabu vya Morris.